Chaki

Subana ya mama ilikataa kidole cha kati mwezi wa pili.
Tukadhani ni baridi, ile ya Kadutu baada ya mvua,
tukamkanda kwa mafuta ya mawese, tukamfunga kitambaa.
Mwezi wa nne ikakataa na cha pete.
Akaitundika msumarini, juu ya risiti za mashine.

Si cherehani. Mashine ile nyingine,
ya Jumanne na Ijumaa, inayofua damu yake,
inaisuuza, inairudisha,
na kila mara inaacha doa.

Daktari Mushagalusa aliinua picha dirishani:
mkono wa Cibalonza, fundi wa nguo,
mifupa imepauka kama kikwembe kilichofuliwa mno,
na kando yake, penye nyama tupu,
mawingu meupe, magumu.
«Figo zimeacha kuchuja.
Chumvi ya mifupa imekimbia kwake, inalala popote.»
Begani. Kwenye kiwiko. Ndani ya mishipa.
Mama akasema: «Kama sisi tulipotoka Bunyakiri.»

Kisha orodha ya vyakula vya kuacha.
Maharagwe. Maziwa. Sambaza.
Hapo akacheka hadi mkanda wa kupimia ukamdondoka shingoni:
«Sambaza! Nimewala na vichwa, na miiba,
na macho yakinitazama.
Sasa wamekuja kudai mifupa yao.»

Vidonge vya kumeza na chakula
vina bei kuliko chakula.
Tunanunua nusu. Nusu ya vipi, sijui.

Ijumaa iliyopita umeme ulikatika.
Alikuwa mezani na gauni la Nsimire, kitambaa cha buluu ya usiku,
ngozi ya kidole cha shahada ikapasuka.
Damu haikutoka.
Ulitoka uji mweupe, mzito,
chembechembe zake zikikwaruza.
Nikakimbilia pamba. Akanizuia.

Alikitazama kidole kwa muda mrefu,
kama mtu aliyeletewa barua
akakuta mwandiko ni wake.
Halafu akakiburuza juu ya kitambaa,
kutoka kwapani hadi kiunoni.
Mstari. Umenyooka.

«Chaki ya dukani,» akasema, «inavunjika upesi.»

Akanisogezea mkasi.
Mkono wangu ulitetemeka, wake haukutetemeka.
Nikakata nje ya mstari, upana wa vidole viwili,
kama alivyonifunza nikiwa na miaka tisa:
acha nafasi, mwanangu,
mwili hubadilika.