Ukuta wa Shimanzi

Mpira ukivuka ukuta wa bohari
sisi husema umekwenda ng'ambo,
umevuka bila kupanga foleni ya feri.

Mimi ni karani wa alama.
Nilicheza misimu mitatu, goti la kushoto likakataa,
sasa nina daftari, penseli mbili,
na kiti cha plastiki kilichovunjika mkono.

Uwanja wetu haukuzaliwa wa besiboli.
Malori ya mafuta yalilala hapa;
ukichimba kidogo tu unanusa dizeli.
Kushoto ni reli, na uwazi hadi macho yachoke.
Kulia ni ukuta:
hatua sabini na nne kutoka kwa mpigaji.
Nimezipima asubuhi, nimezipima mchana,
na siku moja ya mfungo nikazipima tena
nijue kama njaa hufupisha hatua.
(Hufupisha. Zilifika sabini na sita.)

Basi Nyevu Chengo alipoanza kupiga,
kila Jumamosi ng'ambo, ng'ambo,
vijana wa Mtongwe wakaja na ubeti wao,
wakauandika kwa makaa kwenye ukuta wenyewe:

*Pigo lenu la ukuta, msilivike kilemba,*
*Hata chawa angepita, si kitu cha kujigamba,*
*Mvuke maji kuteta, tuone mtavyotamba,*
*Mpigaji ni ukuta, na ninyi ni wa kuimba.*

Vina vilikaa sawa. Hilo ndilo lililouma.

Kocha Zamzam akanigeukia:
"Karani, ni kweli? Ni yeye au ni ukuta?"
Nikasema, mcheza kwao hutunzwa.
Akasema, sikukuuliza methali, nimekuuliza hesabu.

Usiku ule umeme ulikatika Makande nzima.
Nikafungua daftari kwa tochi ya simu.
Mechi kumi na mbili kwetu: mapigo thelathini na moja ya ng'ambo.
Mechi kumi na moja ugenini: kumi na mawili.
Nikatoa jasho, na si la joto.
Kisha nikahesabu ya wageni peke yao:
kumi na manne kati ya yale thelathini na moja.
Watu ambao kwao hawavushi hata kikohozi
wakifika Shimanzi wanakuwa majabali.
Ukuta hauulizi jezi.

Sasa Nyevu.
Kwetu, saba.
Ugenini, sita.

Nikarudia. Saba. Sita.
Nikafuata mishale midogo ninayochora pembeni,
kuonyesha mpira ulikoelekea,
mishale ambayo hakuna aliyewahi kuniuliza.
Yote saba ilielekea kushoto.
Juu ya reli, hatua mia na kumi,
kule ambako hakuna ukuta wa kusingiziwa.
Msimu mzima tulitazama kulia tukimpigia makofi,
na yeye alikuwa akipiga kushoto.

Nilitaka kulifunga daftari hapo. Hapo palitosha.
Lakini hesabu ni kama mchwa, haimalizii mlango wa jirani.
Nikapekua nyuma, nyuma kabisa, hadi msimu wangu wa tatu,
mwandiko wa karani mwingine, wino wa kijani,
na jina langu.

Pigo moja. Maisha yangu yote, moja.
Mshale: kulia.

Naukumbuka. Bawabu Mghanga aliurudisha mkononi,
ngozi yake imepakwa chokaa,
maana ulikwaruza kichwa cha ukuta kabla ya kuanguka ndani.
Mama alikaanga viazi vya karai, majirani wakaitwa.
Kule Mtongwe
mvulana mwenye usingizi angeudaka kwa mkono mmoja
huku akijikuna kwa mwingine.

Asubuhi nikampa Zamzam karatasi.
Nimeandika: ukuta unasaidia, tena sana.
Nimeandika: haujamsaidia Nyevu.
Amesoma, amecheka, amekwenda kutafuta makaa
ili awajibu Mtongwe.

Ukurasa wa wino wa kijani sikuunakili.
Karani naye ana kwao.