Safu ya Shughuli

Daftari la getini lina safu tano:
tarehe, jina, atokako, saa, shughuli.
Mimi Nzunda, zamu ya usiku,
jengo la ghorofa nne, Mikocheni B,
nimeandika humo mafundi bomba, wachumba, mashangazi wenye kuku,
na shughuli ya kila mmoja ilienea kisandukuni.

Akaja Odile, wa Kanada.
Begi moja, kofia ya ukili aliyouziwa kwa bei ya mbuzi.
Pasipoti alinionyesha mwenyewe, sikuomba:
muhuri mbichi, miezi mitatu, mtalii,
na chini yake, kwa herufi za sisimizi,
kwamba mwenye hati hii haruhusiwi kufanya kazi.
Nikaandika: mapumziko.
Kalamu haikusita.

Mapumziko gani yale!
Saa tano usiku taa yake inawaka.
Saa nane, inawaka.
Mwadhini anakohoa kwenye kipaza sauti,
bado inawaka.
Mimi nimekaa kwenye kiti cha plastiki, miguu juu ya ndoo,
na hiyo ndiyo kazi yangu, ina mkataba.
Yeye juu kule amepinda mgongo kama fundi cherehani wiki ya Idi,
na huko ndiko kupumzika.

Usiku mmoja Luku ikaisha.
Akashuka ngazi pekupeku, kompyuta kifuani kama mtoto mwenye homa:
Nzunda, jenereta, tafadhali, wananisubiri!
Uso ule naujua.
Ni uso wa mtu aliyechelewa kazini.

Jenereta ikinguruma akanieleza.
Anatunza hesabu za kampuni ya matairi ya theluji.
Theluji! Na shingo yake imejaa vipele vya joto.

Wahenga walisema siku ya tatu mpe jembe.
Uhamiaji wanasema ole wako ukimpa.
Na huyu amekuja na jembe lake begini,
analima usiku, chumba namba saba,
shamba liko Kanada, mavuno yako Kanada,
hapa inabaki bili ya umeme.
Basi kazi inakaa wapi,
kwenye vidole, au pale mshahara unapoangukia?

Mdogo wangu Ezbon alirudishwa kutoka nchi ya watu
kwa siku nne za kuosha masufuria.
Viza yake nayo ilisema matembezi.
Walimkuta mikono imelowa.
Kilichomponza ni maji.
Ya Odile ni mikavu.

Jumanne wakaja wawili, gari jeupe, ukaguzi.
Nikawapa daftari, wakajaza: kikazi.
Huyu wa namba saba, anafanya kazi hapa?
Hilo neno hapa nikalimung'unya kama ubuyu
mpaka likabaki kokwa.
Nikasema: Hapa anayefanya kazi ni mimi, mzee.
Hakucheka.
Walipanda, wakakaa kiasi cha kikombe cha chai,
wakashuka bila kunitazama.

Usiku ule taa haikuwaka.
Nililinda giza, na lilikuwa refu.

Asubuhi akaniuliza: ni kosa?
Nikamwambia, muulize mwanasheria, mimi nina rungu tu.
Alikwishauliza. Akanitajia bei ya kibali,
nikadhani ananipa namba ya simu.
Alhamisi aliondoka, kofia akaniachia.
Hainitoshi.

Nimerudi kwenye ukurasa wake kulifuta lile neno, mapumziko.
Wino hautoki. Nikasugua kwa mate, kwa kifutio cha mwanangu,
karatasi ikatoboka.
Sasa kwenye safu ya shughuli pana tundu,
na ukichungulia unaona ya mtu mwingine, ukurasa wa pili,
siku aliyokuja Ezbon kunisalimia
nami nikamwandika kama ninavyoandika wote:
anatafuta kazi.