Kwa Mkaaji

Mlango wetu una kinywa cha shaba
na kila asubuhi, kabla chai haijachemka,
kinalishwa.
Leo: piza mbili kwa bei ya moja,
madirisha ya plastiki, mkopo usiouliza maswali,
mtu anayetaka kununua nyumba ambayo si yangu,
na katalogi ya sofa, nzito kama mtoto wa siku arobaini.
Zote zimeandikwa: Kwa Mkaaji.

Nilipofika Stoke nilidhani ndilo jina la mwenye nyumba.
Wiki tatu nilimwekea barua zake
juu ya kabati, nimezipanga kwa ukubwa,
nikingoja aje Bwana Mkaaji nimkabidhi amana yake.
Mume wangu alicheka hadi akashika ukuta.
"Mkaaji ni wewe," alisema.

Nimelizoea. Hawawezi kulikosea tahajia.
Mimi ni Tatu, binti wa tatu wa mama yangu,
na mara moja walipolipata jina hilo
waliliandika kama zile chale za wino
wanazochorwa vijana mkononi karibu na stesheni.

Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza,
tulifundishwa. Hatukuambiwa
kibaya kitalipiwa stempu.

Bi Maureen Tunnicliffe wa nambari kumi na nne
alifariki Februari, siku ya barafu.
Mwanawe akaniachia ufunguo: "Barua tu, na mimea."
Mimea ilikuwa mmoja. Barua,
nilisukuma mlango kwa bega.
Wanajua alivaa kiatu namba nne,
wanajua magoti yalimsumbua ngazini,
wanajua alipenda shuka za maua ya zambarau;
la msiba tu ndilo halijawafikia.
"Mpendwa Maureen, umeadimika!
Rudi wiki hii upunguziwe asilimia kumi na tano."

Simu yake ilikuwa mezani, ya vitufe,
imefungwa mpira wa manjano kiunoni
ili betri isitoke. Miaka kumi na moja.
Nikaikumbuka droo yangu ya jikoni, ya chini,
ile isiyofunga:
simu tano zimelala ubavu kwa ubavu kama dagaa wa kopo,
hakuna hata moja iliyokufa. Zimestaafishwa tu.
Mkataba ukiisha Shaibu huja na kisanduku,
kamera moja zaidi mgongoni, macho ya buibui,
na sote, nami nimo, tunainama kuinusa ile plastiki.
Kipya kinyemi.
Chaja zimesukana mikia humo droooni kama nywele za ukili,
kila moja na mdomo wa simu nyingine.
Katika mojawapo Shaibu ana meno mawili, anacheka,
na sijui ni ipi.

Ikaita.
Simu ya marehemu, kwa mlio wa kengele ya shule.
Kijana mchangamfu akasema
Bi Maureen amestahili simu mpya, leo hii, bure,
kwa mkataba wa miaka mitatu.
Miaka mitatu!
Nilitaka kumwambia. Ulimi ukawa mzito, nikasema:
"Hii imeita, mwanangu. Si umeisikia?"
Akanyamaza kidogo,
kisha akauliza kama ningependa tuzungumzie intaneti.

Pipa la buluu huchukuliwa Alhamisi.
Nabeba yake, nabeba yangu,
lori linatafuna mtaa mzima, sofa na piza na magoti,
na Ijumaa kinywa cha shaba kina njaa tena.

Ila wiki hii nimeona kitu.
Jina lake limetoka.
Mahali fulani mashine imemfuta,
bila matanga, bila hata kikombe cha kahawa,
na bahasha ya nambari kumi na nne, ile ya madirisha,
sasa imeandikwa kama ya kwangu.
Nimesimama kizingitini nazo mbili mkononi,
Kwa Mkaaji, Kwa Mkaaji,
na ndani mmea mmoja unataka maji.