Sauti ya Kukopa

Pale Maweni, Malindi, kwenye kibanda cha Mwadzoya,
mabenchi manne, pazia la gunia, shilingi kumi mlangoni,
mimi ndiye niliyekaa na kipaza sauti kando ya televisheni
nikifasiri filamu za lugha nisizozijua.
Nani angenisuta? Watu walitaka maneno. Niliwapa.

Mkanda mmoja wa Kijerumani ulichakaa kwa kurudiwa.
Mlikuwa na ofisa mrefu, nyusi kama brashi ya viatu,
aliyekufa akishikilia ukingo wa meza.
Midomo yake ilisema kitu, mimi nikasema:
"Mwambieni mama, deni la mchele nimelilipa."
Kibanda kizima kikalia.
Siku ile tuliuza tiketi mara mbili.

Miaka ishirini na mitatu ikapita. Kibanda kikawa duka la simu.
Mimi natengeneza redio.
Akaingia mzee wa Kizungu na redio kwapani,
kitambaa cha hariri shingoni, na chini yake tundu:
madaktari walichukua ugonjwa, wakachukua na sauti.
Nyusi zilikuwa nyeupe. Zilikuwa zilezile.

Volkmar Thiessing. Mtaani walimwita Mzee Foko.
Alizungumza kwa daftari, Kiswahili cha kuokoteza,
herufi zimesimama wima kama askari wa gwaride:

Baba alishona glavu.
Miaka kumi na saba, nikaajiriwa na ukumbi wa michezo
ambao vita vilikuwa vimeula paa.
Nikapewa taa niibebe jukwaani, nisiseme neno.
Niliibeba kipupwe kizima.

Ukurasa mwingine:
Halafu nikawa hakimu, mjinga, mfalme, miaka arobaini.
Hata wenye kikohozi walijizuia.
Lakini kamera, kwa sura hii, ilinitaka nife tu.
Nilikufa mara thelathini na moja. Annegret, mke wangu, alihesabu.
Ya thelathini na mbili akaifanya yeye.

Hapo nikaungama. Nikamweleza kibanda, mkanda, deni la mchele.
Akacheka bila mlio, mabega yakitikisika
kama kuku anayekung'uta mvua.
Akaandika: Kweli nilisema, "Fungeni dirisha, baridi inaingia."
Akapiga mstari. Akaongeza: Lako zuri zaidi.

Tangu hapo, kila Alhamisi baada ya alasiri,
alisimama katikati ya spika zilizopasuka,
akachezesha midomo, nami nikasema.
Kadzo wa viazi karai aliacha mafuta yakaungua.
Mzee Foko aligombana kwa kidole: pumzi! pumzi!
Nikimwua upesi, ananivuta daftari:
Usikimbilie kufa. Kufa ni kazi ya magoti.

Alhamisi moja hakuja.

Hospitalini, joto la Februari limelala juu ya vitanda vyote,
feni imekufa, wagonjwa wanajipepea kwa kadi zao za kliniki.
Daftari liko sakafuni. Mkono haukulifikia.
Midomo ikaanza, polepole, kama alivyonifunza.
Nesi akanigeukia: "Wewe unamjua. Anasemaje?"

Mimi, ambaye sikuwahi kukosa neno la kumtilia mtu kinywani,
niliitazama ile midomo mpaka mwisho.
Kisha nikainuka,
nikapita kati ya vitanda, watu wakinishangaa,
nikaenda kufunga dirisha.