Mkuu wa Kaya

Nilimkuta Mtongani, chini ya turubai la viraka,
mguu mmoja mbele, mwingine umekunjwa,
kipande cha tairi kikizingira jiwe
lisiruke likamtoa jicho.
Nikasema: karani wa sensa.
Akageuza ndoo, akaifuta kwa upindo wa kanga,
akaniambia kaa.
Nyundo haikusimama.

Kishikwambi kikawaka. Mkuu wa kaya ni nani?

Akapiga jiwe mara tatu.
"Andika Mrisho."
Mrisho alilala hapa usiku wa kuamkia siku ya sensa?
"Mrisho yuko Chunya, kwenye dhahabu."
Tangu lini?
Akamtazama binti yake anayechambua kokoto,
ndogo huku, kubwa kule,
kama mtu anayetoa chuya kwenye mchele.
"Huyu alikuwa tumboni."
Binti akacheka. Mapengo mawili mbele,
shati la shule, vifungo vya bluu
vikubwa kuliko matundu yake.

Mama, aliyeondoka siku zote hizo hahesabiwi hapa.
"Shati lake lipo, nyuma ya mlango.
Nalifua kila mwezi,
anayechungulia ajue nyumba hii ina mtu."

Nikatafuta mahali pa kuandika shati.
Hapakuwepo.

Tukaenda na mengine.
Paa? Bati, na pale lilipooza
bango la mgombea wa uchaguzi uliopita,
bado anatabasamu, anavuja kidogo shingoni.
Taa? Tochi ya simu, simu ikiwa na chaji.
Choo? Cha kuchangia, na ufunguo
anao mwenye nyumba, na mwenye nyumba hulala mapema.

Mkopo sikumuuliza. Alisema mwenyewe:
"Kausha damu. Laki moja, mtoto alilazwa.
Elfu tano kila jioni, Ijumaa na Jumapili zimo,
riba haina dini.
Siku ya mvua lori la kokoto haliji,
ila vijana wao huja.
Mwezi wa sita walichukua sufuria
na ubwabwa ndani.
Wana adabu lakini. Ubwabwa waliumimina kwenye beseni,
hawakuumwaga chini."

Simu ikalia. Mama yake, Kibiti.
Mto umepanda, mpunga umelala majini,
hata mbegu ya mwakani imekwenda.
"Nitatuma, mama."
Nikaisikia sauti ya kizee ikikwaruza:
na ya kutolea, mwanangu.
Hapo ndipo alipocheka.
"Unasikia? Hata njaa ina makato."

Kishikwambi kilikuwa bado kinanisubiri,
kile kisanduku cha juu, kitupu, kinapepesa.
Nikakumbuka nyumbani kwetu Kiwalani:
mita ya umeme ina jina la marehemu baba.
Mama akinunua umeme wa elfu mbili,
fedha ya vitumbua, bado ina mafuta,
ujumbe huja na jina la baba.
Nimeuona mara ngapi. Sijawahi kusema kitu.

Mama, nimwandike nani?

Nyundo ikatua.
Kimya kile kilinishtua kuliko mlio wake.
"Nikiandikwa mimi, wataniletea kodi?"
Hapana.
"Wataniletea kitu?"
Nilitamani kudanganya. Nikafuta kioo kwa kiganja,
hakikuwa na vumbi.
"Basi andika. Sikudhani binti Mkumbukwa.
Mkumbukwa. Usiisahau hiyo w,
ukiiacha anakuwa mtu mwingine."

Binti akanipeleka nikaandike namba mlangoni.
Chaki ilikatika mara mbili, mbao ina unyevu.
Akausukuma mlango ili nione ndani,
na shati likayumba kwenye msumari wake,
jeupe, limenyooshwa, kola imesimama,
mbele liko wazi toka juu hadi chini.
Halikuwa na kifungo hata kimoja.