Bahasha

Oktoba niliandika utabiri wangu kwa wino,
nikaufunga katika bahasha, nikamkabidhi Ödön,
mlinzi wa usiku wa maabara yetu, hapa Szeged,
asiyeamini kitu kisichoonekana kwa macho.
"Umekuwa mpiga ramli?"
"La. Mimi nahesabu tu."

Chupa kumi na mbili, mchuzi mmoja, dawa ileile,
kila alfajiri dozi ikipanda kidogo kama kodi ya nyumba.
Ndani, kila dakika ishirini, kizazi:
chai yangu haijapoa, mama ameshakuwa bibi.
Na katika kujinakili bakteria hukosea herufi,
moja katika mamilioni,
kama karani makini aliyesinzia mara moja maishani.
Kosa hilo huua. Au halifanyi lolote.
Au hufungua mlango.

Mlango niliujua. Niliandika jeni, nikaandika herufi,
hata siku: ya tisa, labda ya kumi.

Mto Tisza ukaganda kingoni.
Siku ya tisa chupa ya kwanza ikachafuka
kama maji yaliyooshea mchele,
kisha ya nne, kisha ya pili, zikafuatana
kama watoto wa shule wavukao barabara.
Tukasoma herufi zao. Kumi na moja
sawasawa na wino wangu.
Profesa Boglárka akaleta keki;
Ödön akaibandika bahasha ukutani, akacheka, akala vipande vitatu.

Chupa ya saba sikuijali.
Ilichelewa, ikapita kwingine,
katika jeni ambayo hakuna aliyeipa jina, ina namba tu.
Pembeni mwa daftari niliandika: kelele.

Machi, Ödön hakuja kazini. Figo.
Hospitali ikatuletea kichupa cha mkojo chenye jina lake.
Dawa ya kwanza imeshindwa. Ya pili imeshindwa.
Nilisoma herufi usiku kucha,
nikaenda moja kwa moja kwenye mlango wangu:
umefungwa, komeo mahali pake.
Wamepita kwenye ile namba.
Nilikanyaga mwiba nikauita kelele.

Ödön yu hai. Dawa ya tatu, kali,
ilimwachia uhai ikaondoka na sikio la kushoto.
Sasa hunigeuzia la kulia:
"Enhe, mpiga ramli. Kesho je?"

Nina bahasha mpya mezani, bado wazi.
Naandika kwa penseli.