Volti Mia Nne

Betri ya volti tisa, ile ya mraba,
ambayo nikiilamba hunichoma ulimi kama ndimu,
ndiyo ninayoitaka inipe mia nne.

Hakuna uchawi. Koili nimeing'oa
kwenye kamera ya kutupwa, duka la hisani, Mtaa wa George,
pauni moja na nusu,
huenda na harusi ya mtu bado imo ndani.
Transista hufungua, hufunga, mara elfu kadhaa kwa sekunde,
na kila ikifunga, koili hukataa kuachwa:
hupiga teke, umeme ukaruka dayodi,
kapasita ikadaka.
Haba na haba, walisema wahenga.
Hawakusema kibaba kikijaa
kinaweza kukubwaga kwenye friji.

Nami kilinibwaga. Swichi nilikuwa nimeizima,
betri nimeichomoa, nimeiweka kando ya sukari.
Kapasita haina habari na swichi.
Hushika ilichopewa, kama kwetu tunavyoshika neno.
Tangu siku ile mkono wa kushoto unakaa mfukoni.

Saa nane usiku, Aberdeen, mvua inapiga kwa ubavu.
Bi Ishbel wa chini anagonga dari yake kwa ufagio:
si kelele, ni harufu ya solda.

Usiku wa tatu. Mita inasema mia na themanini.
Nabadili dayodi. Mia na themanini.
Nabadili kapasita, nausoma mchoro upya,
natukana kwa Kidigo.
Mia na themanini.

Hadi niliposhika penseli nikapiga hesabu:
mlevi ni mita yenyewe.
Chombo changu kinatoa tone, mita inataka funda;
inauliza "una ngapi?" huku inakunywa.

Penseli nikaiweka chini.
Nikamkumbuka dada Tatu, simu za Jumapili kutoka Tanga:
"Umeshapoa? Umeshamsahau?"
nami niliyeamka mzima, niliyepika hata chapati,
nikashuka hapo hapo
hadi mia na themanini.

Nikachomoa waya mwekundu, kisha mweusi.
Ziwe ngapi, ziwe.
Nikaufunga mrija mahali pake.

Tk.
Nikadhani ni mvua.
Tk. Tk-tk.
Nikausogeza karibu na dirisha, plasta ilipobanduka,
penye itale tupu ya jengo hili,
iliyochongwa na watu ambao sasa
wamewekewa itale hiyo hiyo kichwani,
na jiwe likaanza kuharakisha maneno.
Si ya kutisha. Bi Ishbel amelala kando yake
miaka themanini na mmoja, na ufagio bado anauweza.

Akagonga tena, mara mbili.
Kwenye daftari, safu ya saa tisa kasorobo,
nikamhesabu naye.